Yalianza Saa Ngapi?

Hotuba kwa wauguzi na wanafunzi wa afya, Siku ya Tiba Shufaa Duniani (tiba ya kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso), Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wauguzi wenzangu, wanafunzi, na ninyi mliokuja kwa sababu mnauguza mtu nyumbani: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa maumivu ya saratani. Nitashika sehemu yake moja tu, ile ambayo wagonjwa wetu wameipa jina wenyewe: maumivu yanayoamka. Mgonjwa ametulia, dawa anakunywa kwa saa zake, anaongea na wageni, mara uso unabadilika. "Yameamka," anasema, kama vile yalikuwa yamelala chumba cha pili. Anakamata upindo wa kanga, anauma meno, jasho linamtoka juu ya mdomo. Baada ya nusu saa yanalala tena, na ukimkuta wakati huo atakuambia hajambo.

Nianze na bibi mmoja wa huku kwetu. Alikuwa na saratani ya titi iliyokuwa imesambaa mpaka kwenye mifupa ya nyonga. Nilimtembelea nyumbani kila Jumanne. Alikunywa mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu ya chupa, mara tano kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku kipimo mara mbili ili apate kulala. Nikifika namwamkia, nakaa kwenye mkeka, namuuliza kwa mkono kama tulivyofundishwa. Ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyosemeka. Bibi, leo ni vidole vingapi? Ananyanyua kidole kimoja. Naandika moja juu ya tano. Wiki tatu mfululizo niliandika moja juu ya tano, nikawa narudi kituoni na moyo mweupe.

Jumanne ya nne mkaza mwanawe alinisindikiza mpaka kwenye mpapai, mbali na dirisha. Akaniambia, "Sista, unamuuliza akiwa amelala. Muulize akienda chooni."

Kosa lile ni langu na bado linaniuma. Nilipima ukali wa maumivu kwa uangalifu mkubwa, lakini nilichopima ni saa nne asubuhi ya Jumanne, mgonjwa akiwa amelala chali na dozi mbichi mwilini. Saa nyingine zote za wiki sikuzijua. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze kuhusu saa.

Mwaka 1990 madaktari wawili, Russell Portenoy na Neil Hagen, walichapisha utafiti walioufanya New York kwa wagonjwa 63 wa saratani. Walichagua wale ambao kwenye faili wanaonekana wametulia, maumivu yao ya kila siku yameshikwa na dawa. Wakawauliza kama kuna nyakati maumivu yanapanda juu ya hayo yaliyotulia. Wagonjwa 41 kati ya 63 wakasema ndiyo. Ukiwapanga wagonjwa hao kwa mstari, wa katikati yalimwamkia mara 4 kwa siku, na kila mara yakamshika kwa dakika 30. Jumla walieleza maumivu ya namna 51, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na ya nyonga na ya mbavu. Karibu nusu ya hayo yalipanda ghafla kama umeme. 28 yalikuwa na kichocheo, mara nyingi ni jambo alilofanya mgonjwa mwenyewe: kugeuka, kukohoa, kusimama. Na 15 yalitokea mwisho wa dozi tu, pale dawa iliyopita inapokwisha nguvu na inayofuata haijafika.

Wengi husoma utafiti huo wakaondoka na ile 41 kati ya 63. Mimi nimebaki na zile dakika 30.

Mofini ya kunywa inashuka tumboni, inapita kwenye utumbo, inapita kwenye ini, ndipo inapofika kwenye damu. Huanza kuleta nafuu baada ya kama dakika 20 hadi 30, na nguvu yake kamili huja karibu saa moja baada ya kumezwa. Sasa fikirieni nyumba ile. Maumivu yameamka, mkwe amekimbilia kabatini, amepima, bibi amekunywa. Dawa inabisha hodi mlangoni wakati maumivu yanatokea dirishani. Halafu mgonjwa anabaki na usingizi wa dawa kwa saa tatu zinazofuata, wakati hana tena kilichokuwa kikimuuma. Familia inajumlisha hayo mawili, inasema dawa hii haimtulizi, inamlaza tu. Nimelisikia neno hilo nyumba nyingi, na zamani nilikuwa nabishana nalo. Siku hizi sibishani, kwa sababu waliyoyaona ni kweli. Tulichokosea sisi ni saa.

Watafiti waliliona pengo hilo wakaanza kutafuta dawa inayokimbia. Waliirudia fentanili, dawa ya jamii ya mofini ambayo Paul Janssen wa Ubelgiji aliitengeneza mwaka 1960 na ambayo ilikuwa imeshazoeleka kwenye vyumba vya upasuaji. Tofauti yake na mofini ni tabia: fentanili inapenda mafuta, mofini inapenda maji. Kuta za ndani ya shavu na chini ya ulimi zinapitisha kwa urahisi vitu vinavyopenda mafuta. Kwa hiyo fentanili inaingia kwenye damu kupitia mdomoni, bila kusubiri foleni ya tumbo. (Na hapa nijibu swali ninaloulizwa kila semina: mofini ya maji ukiishikilia chini ya ulimi haiendi haraka zaidi. Mdomo unaipokea kidogo mno, iliyobaki inamezwa kama kawaida.)

Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha fentanili ya mdomoni kwa ajili ya maumivu haya hasa. Ilikuwa kama pipi ya kijiti: mgonjwa anaisugua ndani ya shavu, inayeyuka polepole, nafuu inaanza ndani ya robo saa au karibu na hapo. Baadaye vikaja vidonge vya kuweka kwenye ufizi na dawa za kupuliza puani, ambazo baadhi yake huanza kazi ndani ya dakika kumi.

Sasa ninyi wanafunzi niwaombe mnisikilize hapa, maana hapa ndipo utafiti unapokuwa mgumu kuliko darasani. Utathibitishaje kwamba dawa hii inatuliza maumivu ya mtu wa saratani? Njia yenye nguvu ni kulinganisha na plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini ndani hakina dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua kipi ni kipi. Lakini ni nani mwenye moyo wa kumpa pipi tupu mtu anayeuma kanga kwa meno?

John Farrar na wenzake walilijibu swali hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka huohuo wa 1998, na mimi naona jibu lao lilikuwa la kiutu. Kwanza walimtafutia kila mgonjwa kipimo chake kinachomfaa, hadharani, bila kuficha. Ndipo wagonjwa 92 waliofikia hatua ya kulinganisha wakapewa pipi 10 kila mmoja: 7 zenye dawa na 3 tupu, zimechanganywa, hakuna ajuaye. Kwa hiyo hakuna mgonjwa aliyewekwa upande wa plasebo moja kwa moja. Kila mmoja alikuwa mzani wake mwenyewe, leo dhidi ya kesho. Na kila mara, kama nusu saa imepita na hajapata nafuu, alikuwa na ruhusa ya kunywa dawa yake ya kawaida ya ziada.

Ruhusa ile ikawa pia kipimo. Walipotumia pipi tupu, wagonjwa walihitaji dawa ya ziada katika asilimia 34 ya nyakati zile. Walipotumia yenye fentanili, asilimia 15. Utaona kwamba hata pipi tupu mara nyingi haikufuatiwa na dawa ya ziada. Sababu moja ni kwamba maumivu haya yana tabia ya kulala yenyewe. Kwa hiyo anayetangaza dawa ya maumivu ya ghafla bila kulinganisha na chochote anaweza kujisifia kazi iliyofanywa na saa ya ukutani.

Farrar alirudi kwenye takwimu za aina hiyo, zaidi ya matukio 1,000 ya maumivu, akauliza: namba ishuke kiasi gani ndipo mgonjwa mwenyewe aseme imetosha, sihitaji dawa nyingine? Akapata kwamba ni kushuka kwa alama kama 2 kwenye kipimo cha sifuri hadi kumi, au theluthi moja ya maumivu ya mwanzo. Watafiti wa maumivu wamekitumia kipimo hicho tangu mwaka 2000. Ninakipenda kwa sababu hakikutungwa mezani. Kimetoka kwa wagonjwa walioshika chupa ya pili mkononi wakaamua kuirudisha kabatini.

Mwaka 2001 ukafuata utafiti ulioweka fentanili hiyo mbele ya mofini ya kunywa. Walianza wagonjwa 134. Fentanili ilitangulia dakika ya 15, ya 30, ya 45, mpaka ya 60. Ilitangulia kweli, lakini tofauti haikuwa ya mbingu na ardhi. Mofini nayo ilikuwa ikifanya kazi, kwa kuchelewa. Mapitio makubwa ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2013, yaliyokusanya tafiti 15 zenye washiriki 1,699, yalikubali kwamba fentanili za mdomoni na puani zinasaidia maumivu haya. Na tafiti hizo zimetufundisha jambo lingine ambalo halikutegemewa: kipimo cha fentanili kinachomfaa mgonjwa hukijui kwa kuangalia anakunywa mofini kiasi gani kwa siku. Inabidi uanze chini kabisa na kupanda naye hatua kwa hatua.

Kuna watakaosema, basi tuletewe hiyo fentanili tumalize kazi. Ndugu zangu, dawa hiyo ni kwa mtu ambaye mwili wake umeshazoea dawa za jamii ya mofini kila siku. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watu kufariki kwa vidonge hivyo vya mdomoni. Miongoni mwao walikuwemo waliopewa kwa maumivu ya kichwa, na waliobadilishiwa aina moja kwa nyingine kana kwamba vipimo ni sawasawa. Na mwaka 2019 mahakama ya Boston ilimtia hatiani John Kapoor, mwanzilishi wa kampuni ya Insys, pamoja na wenzake, kwa njama za kuwahonga madaktari waandike fentanili yao ya kupuliza, hata kwa wasio na saratani. Dawa iliyotafutiwa ushahidi kwa uangalifu ule, kwa ajili ya watu wenye mateso yale, ikageuzwa biashara ya kuharibu watu wengine. Naomba tukumbuke pande zote mbili.

Na upande wetu sisi tatizo linatoka kwingine. Tume ya jarida la tiba la Lancet mwaka 2017 ilihesabu kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilikuwa zikipata sehemu moja ya kumi ya tani moja. Ni kilo mia moja, uzito wa gunia la mahindi. Nilipoisoma namba ile mara ya kwanza nilidhani wamekosea desimali.

Kwa hiyo dawa yetu ni ile ya chupa, na tutakuwa nayo muda mrefu. Siioni kuwa dawa ya kimaskini. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa, shirika la tiba shufaa, nchini Uganda mwaka 1993, alianza na fomula rahisi ya unga wa mofini unaochanganywa na maji, na mpaka leo wenzetu kule wanazitofautisha chupa kwa rangi, kijani kwa ile nyepesi, waridi na buluu kwa zilizo kali zaidi, ili hata asiyejua kusoma asikosee usiku. Mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni, wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Mgonjwa wa kijijini akapata dawa kwa mtu anayefika kijijini.

Swali langu ni hili: tukiwa na chupa hii hii inayochelewa nusu saa, tunaweza kuyatangulia maumivu?

Turudi kwa bibi. Nilimpa mkwe daftari la shule, la kurasa 40. Nikamwomba kila yakiamka aandike saa yalipoanza, bibi alikuwa anafanya nini, na saa yalipolala. Hakuwa na saa ya mkononi. Aliandika kwa anavyojua yeye: "kabla ya adhana ya alfajiri," "watoto wanatoka shule," "taarifa ya habari." Wiki moja tu, na ukurasa ukawa unasema mambo ambayo vidole vya bibi havikuwahi kuniambia.

Yaliamka mara tano au sita kwa siku. Yale ya kabla ya adhana ya alfajiri yalikuja karibu kila siku, bibi akiwa bado amelala, na hayo ni ya mwisho wa dozi: dozi ya saa 4 usiku ilikuwa imeisha. Hayo hayatibiwi kwa dozi ya ziada. Daktari alipandisha dozi za kila saa nne, yakapungua ndani ya siku tatu. Ya pili yalikuwa ya kusimama: kwenda chooni, kuoga, kuketi kwa ajili ya wageni. Haya yana kichocheo, na chenye kichocheo kina saa. Tukakubaliana kwamba kuoga kunahamia muda maalumu, na nusu saa kabla yake bibi anakunywa dozi ya ziada, sawa na dozi yake moja ya kila baada ya saa nne. Mkwe akawa anabandika maji ya kuoga jikoni na kupima dawa kwa wakati mmoja. Maji yakipata moto, dawa nayo imeshafika.

Tukampeleka pia Dar es Salaam, kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road, kwa ajili ya mionzi ya mfupa. Hapa nako utafiti umetusaidia sana kuliko tunavyosema. Majaribio makubwa ya Ulaya na Marekani yameonyesha kwamba kwa maumivu ya mfupa ulioingiliwa na saratani, mionzi ya mara moja, ya kipimo cha Gray 8 (Gray ni kizio cha mionzi), inatuliza sawa na ile ya kugawanywa kwa wiki mbili, ingawa wanaohitaji kurudia ni wengi zaidi. Kwa mtu anayetoka Tanga kwa basi, akiwa na nyonga inayouma kwenye kila tuta, mara moja badala ya mara kumi ni tofauti ya kwenda na kutokwenda.

Aina ya tatu, yale yanayokuja bila taarifa, bibi amekaa tu anachambua dagaa, hayo hatukuyamaliza. Yalibaki, mara moja au mbili kwa siku, mpaka mwisho wake. Hapo ndipo fentanili ya mdomoni ingekuwa na kazi yake halali, na hatukuwa nayo. Tulichoweza ni kumkalia karibu, dozi ya ziada ikiwa imeshapimwa na imewekwa pembeni, ili dakika za kutafuta ufunguo wa kabati zisiongezwe juu ya zile thelathini.

Wengi wa wale waliojaribiwa katika tafiti nilizozitaja walikuwa Marekani na Ulaya, watu wenye duka la dawa mtaani na choo ndani ya nyumba. Kuna swali dogo ambalo linaweza kujibiwa hapa hapa, bila dawa mpya wala mashine: kwa mgonjwa ambaye maumivu yake yanaamshwa na kusimama, dozi ya mofini ya maji iliyotangulizwa nusu saa inasaidia kiasi gani kuliko dozi inayosubiri maumivu yaanze? Mgonjwa awe mzani wake mwenyewe, siku hii hivi, siku ile vile, kwa bahati nasibu, kwa ridhaa yake, na kamati ya maadili ikiwa imeshapitia. Dawa tupu haihitajiki, na hakuna anayenyimwa chochote. Kinachohitajika ni mtu wa kuandika saa. Walimu wetu mlioko hapa, mkinipa mwanafunzi mmoja mwenye subira, mimi nitampa njia za kufika kwenye nyumba hizo.

Na mtaulizwa kuhusu uraibu. Mtaulizwa na watoto wa mgonjwa, wakati mwingine na mganga mkuu. Jibuni kwa upole, mkieleza kwamba mofini inayotolewa kwa ajili ya maumivu ya saratani, kwa kipimo kinachopandishwa polepole na kinachofuatiliwa, ni tiba, na kwamba chupa hukaa mahali pa kufungwa kwa sababu ina nguvu. Msisahau dawa ya choo kigumu. Wapo wagonjwa wanaoacha mofini kwa sababu ya choo, na wanaona aibu kusema.

Nimekuja na nakala 60 za ukurasa mmoja, ziko pale mezani karibu na mlango. Safu ya kwanza ni saa yalipoanza, ya pili alikuwa anafanya nini, ya tatu saa yalipolala, ya nne kama alikunywa kitu na saa ngapi. Asiye na saa aandike adhana, kengele ya kanisa, au basi la asubuhi. Chukueni, zipelekeni wodini na majumbani, na mnirudishie zilizojaa kabla ya mwezi kwisha, hata zile zilizomwagikiwa chai.